Namna ya Kupokea Kazi Usiyoipanga: Mwongozo kwa Watafuta Kazi wa Mtwara na Lindi

Bandari ya Mtwara haikujengwa kwa ajili ya korosho. Ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya karanga, pale Waingereza walipoanzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa kulima zao hilo Kongwa, Urambo na Nachingwea, na reli ikatandikwa kutoka pwani kuelekea Nachingwea ili mavuno yapate njia ya kufika melini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa kwa hasara kubwa, na katika miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Gati lilibaki pamoja na kina chake cha maji, likapokea korosho, baadaye likapokea mitambo ya gesi, na sasa makaa ya mawe kutoka Ruvuma hupakiwa hapohapo. Naanza na habari hii kwa sababu vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaokuja kuniomba ushauri wa kazi huzungumza juu ya karanga zao zilizoshindikana, yaani ajira waliyoisomea ambayo haijafika, na hawasemi lolote kuhusu gati walilonalo.

Mimi nilihitimu ualimu wa jiografia na Kiswahili mwaka 2015. Nilirudi Newala na cheti changu, nikakaa kusubiri majina ya walimu walioajiriwa na Serikali yatoke, na kwa sisi wa masomo ya sanaa kusubiri huko kulikuwa kurefu kuliko kwa wenzetu wa sayansi. Mwaka uliofuata chama cha msingi cha ushirika cha jirani kilihitaji karani wa ghala kwa miezi minne ya msimu, nami nikakubali kwa aibu, nikiona kwamba nimeshuka. Leo kazi yangu ni kuwafundisha makarani wa vyama vya ushirika utunzaji wa kumbukumbu na upokeaji wa mazao ghalani, na ninaifanya katika wilaya ambazo kama ningepangiwa shule nisingezifika. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyajaribu mwenyewe au niliyoyaona yakiwasaidia wengine.

Andika vitendo, usiandike vyeo

Chukua daftari, na kabla ya kuandika wasifu wa kazi wa aina yoyote, orodhesha kila jambo unaloweza kulifanya kwa mkono, kwa sauti au kwa akili, ukianza kila mstari kwa kitenzi. Usiandike "mwalimu". Andika: kusimama mbele ya watu sitini na kueleweka, kujaza rejista ya kila siku bila kuacha mstari, kutunga swali linaloonyesha nani ameelewa na nani amekariri, kusoma ramani, kusuluhisha wawili waliogombana kabla mambo hayajafika ofisini. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na saba. Karibu yote ilihitajika ghalani, ambako karani hupokea mzigo wa mkulima, hupima, huandika, hutoa stakabadhi, na mara nyingi humweleza mzee mwenye hasira kwa nini gunia lake limerudishwa likaanikwe tena.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba cheo kina mlango mmoja, na mlango huo ukifungwa mwenye cheo huona dunia yote imefungwa. Kati ya mwaka 2010 na 2014, habari za gesi zilipopamba moto, vijana wengi wa mikoa hii walikwenda kusomea uchomeleaji, usalama mahali pa kazi na ufundi wa mitambo wakitarajia kuajiriwa na kampuni za mafuta na gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba kikaanza kazi, lakini kazi za ujenzi huisha ujenzi unapoisha, na mradi wa kuchakata gesi kuwa kimiminika uliopangwa Likong'o, Lindi, umebaki katika mazungumzo kwa miaka mingi. Aliyejiandika "fundi wa bomba la gesi" alibaki anasubiri Likong'o. Aliyejiandika "kusoma mchoro, kupima bila kukosea, kuunga chuma kisivuje, kufuata kanuni za usalama hata msimamizi asipokuwepo" aligundua kwamba viwanda vya kubangua korosho vina mabomba ya mvuke, boti za uvuvi zina matangi, na mashine za kupulizia dawa mikorosho huharibika kila msimu vijijini kuliko na fundi wa kuaminika.

Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere. Baadaye akawa mhariri wa magazeti, mwandishi wa habari wa Rais, balozi nchini Nigeria na Waziri wa Mambo ya Nje, kabla ya kuchaguliwa kuwa Rais mwaka 1995. Anayetazama vyeo hivyo ataona mtu anayerukaruka. Anayetazama vitendo ataona mambo yaleyale yakiendelea kutoka ofisi moja hadi nyingine, yaani kusoma kwa makini, kuandika kwa usahihi na kulipima neno kabla ya kulitoa.

Ukimaliza orodha yako, wapelekee watu watatu waliowahi kukuona ukifanya kazi, wala si marafiki wa rika lako. Anaweza kuwa mwenye duka uliyemsaidia kuhesabu mali, katibu wa parokia, imamu wa msikiti mliojenga pamoja, au mwenyekiti wa kitongoji. Waulize swali moja tu: ni jambo gani ninalolifanya vizuri ambalo sikuliandika hapa? Mimi niliambiwa na mama mmoja muuza samaki wa Mikindani kwamba nina subira na wazee. Sikuwahi kuiona subira hiyo kuwa ni ujuzi, na sasa ndiyo inayonipa kazi kuliko cheti.

Ijue kalenda ya Kusini

Kazi za mikoa hii huja kwa majira, na mtu asiyeyajua majira hayo huzisikia zikiwa zimekwisha kugawanywa. Minada ya ufuta huwa kati ya Juni na Julai, mbaazi hufuata Agosti na Septemba, na korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kabla ya korosho kuna miezi ya palizi na kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mvua zikikolea, kuanzia Januari hadi Aprili, shughuli kubwa ni shamba la chakula na fedha huwa haba. Kila kipindi kina watu wake wanaohitajika: wapimaji, makarani, wapakiaji, madereva, mafundi mashine, wapishi wa mama lishe katika maghala, wahasibu wa muda wa vyama.

Nafasi hizo hujazwa wiki kadhaa kabla ya msimu, na kwa kawaida hujadiliwa katika mikutano ya wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, katika mbao za matangazo za halmashauri na vyama vikuu, na katika mazungumzo ya watu wanaofanya kazi hizo. Kwa hiyo, ukiitaka kazi ya Oktoba, jitambulishe Agosti. Nenda mwenyewe, ukiwa na ukurasa mmoja wa vitendo vyako, umwone mwenyekiti au meneja, umweleze unachoweza kufanya, kisha uulize msimu uliopita walipata shida gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mazungumzo. Mwaka niliouliza mimi, nilijibiwa kwamba rejista za wakulima zilikuwa zimechanganyika, majina ya ukoo yanafanana na namba za akaunti hazilingani. Niliomba siku tatu za kuzipanga bila malipo. Siku hizo tatu ndizo zilizoniingiza.

Msimu wa 2018/2019 ulinifunza thamani ya kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Bei za wanunuzi zilikataliwa, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na malipo yakatanguliwa na uhakiki wa wakulima kijiji kwa kijiji. Pale ambapo madaftari yalikuwa safi, uhakiki ulikuwa rahisi. Pale ambapo hayakuwa safi, watu waliteseka kwa miezi. Viongozi wa vyama vingine wakaanza kuniita niwafundishe makarani wao. Ualimu wangu ukanirudia kwa njia ambayo hakuna aliyenitabiria.

Sasa minada yenyewe inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mtu anayejua kutumia kompyuta, kusoma jedwali na kulieleza kwa Kiswahili chepesi mbele ya mkutano wa wakulima ana nafasi ambayo miaka kumi iliyopita haikuwepo. Naitaja hapa kwa makusudi, kwa sababu wahitimu wengi wa biashara na hesabu wanaokaa Mtwara mjini wakisubiri benki iwaite hawajawahi kukanyaga mkutano wa chama cha msingi.

Kaa karibu na kazi za watu wengine

Hii ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo.

George Lilanga alizaliwa wilayani Masasi na alijifunza uchongaji wa Kimakonde. Alipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi aliyoipata katika Nyumba ya Sanaa ilikuwa ya ulinzi wa usiku, naye aliipata kupitia ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi hapo. Mlinzi huyo akawa msanii wa mahali palepale alipokuwa akipalinda, akajifunza batiki na uchoraji juu ya ngozi na vitambaa, na kufikia alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Watu husimulia habari hii kana kwamba ni bahati. Mimi naona mambo matatu yaliyokuwa chini ya uwezo wake: alikuwa na ujuzi tayari mkononi, alikubali kazi ya chini iliyokuwa katika jengo sahihi, na hakuficha alichokuwa anakijua.

Jengo sahihi ni jambo la kulifikiria sana. Kati ya kazi mbili zenye malipo yanayokaribiana, pendelea ile inayokuweka mahali unapoona kazi nyingine nyingi zikifanyika. Kuuza chai getini kwa bandari kunaweza kukufundisha habari za makontena, mawakala wa forodha na ratiba za meli kuliko kukaa katika ofisi ndogo yenye kiyoyozi ambayo haipokei mgeni. Mhudumu wa mapokezi katika hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, huona kila siku kazi ambazo hazijawahi kutajwa darasani kwake: watunza kumbukumbu za wagonjwa, mafundi wa vifaa tiba, maofisa ustawi wa jamii, wasimamizi wa bima.

Zipo pia kazi ambazo hatuzijui hata majina yake mpaka tukutane nazo. Huko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 wanasayansi kutoka Berlin walichimba mifupa ya dinosaria, na mamia ya wenyeji walifanya kazi hiyo pamoja nao. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kuutambua na kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja ulitegemewa hata na msafara wa Waingereza uliokuja katika miaka ya 1920. Mwaka 2007 aina mpya ya dinosaria kutoka Tendaguru ilipewa jina la kisayansi linalomkumbuka, Australodocus bohetii. Hakuna mzee wa Lindi wa wakati huo ambaye angeweza kumwambia mwanawe asomee uchimbaji wa mifupa ya kale, kwa kuwa kazi hiyo haikuwa na jina katika lugha ya mtu yeyote pale kijijini.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kila mwezi mwendee mtu mmoja anayefanya kazi usiyoijua, umwombe akuruhusu uione kwa nusu siku. Usimwombe ajira, kwa maana ombi la ajira humfanya mtu ajihami na kutafuta namna ya kukukwepa. Mwambie: "Kaka, shughuli yako naisikia tu, naomba siku moja nije niione inavyofanyika." Nenda mapema, vaa kama wanavyovaa wao, saidia kubeba, na uulize maswali mapumziko yanapofika, wala si katikati ya kazi. Jioni andika mambo mawili: ni kitendo gani katika orodha yako kingefaa pale, na ni kitendo gani unakikosa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa umeona kazi kumi na mbili, na watu kumi na wawili watakuwa wanakujua kwa sura na kwa tabia. Katika mikoa yetu, ambako nafasi nyingi hutangazwa kwa mdomo, kujulikana huko kuna uzito.

Jaribu kidogo, na uweke mipaka kabla hujaanza

Kuwa tayari kwa njia nyingine hakumaanishi kuifuata kila njia hadi mwisho wake. Kila unapovutwa na jambo jipya, andika mipaka mitatu kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: kiasi cha fedha ambacho kikipotea hakitawanyima watoto chakula, muda utakaoutoa, na dalili itakayokuambia uendelee au uache.

Chukua mfano wa mwani, ambao kina mama wengi wa pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa wanaulima. Zao hili huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo miezi mitatu hutoa mavuno mawili, nayo yanatosha kukufundisha. Anza kwa kamba chache ndani ya eneo la mkulima mzoefu, ujifunze kufunga mbegu, kufuata maji yanapokupwa, na kutambua mwani unapoanza kubadilika kuwa mweupe kwa sababu ya joto la maji. Dalili yako isiwe faida ya mavuno ya kwanza. Iwe ni hii: je, nimeweza kuamka kwa ratiba ya bahari, ambayo hubadilika kila siku, kwa miezi mitatu mfululizo? Aliyeweza ana msingi. Aliyeshindwa amejifunza kwa gharama ya kamba chache, na sasa anaweza kufikiria kununua mwani, kuukausha vizuri zaidi au kutengeneza sabuni yake.

Vivyo hivyo kwa ubanguaji wa korosho. Usinunue mashine kwa sababu umeona korosho nyeupe zikiuzwa ghali kwa wasafiri stendi. Nenda kwanza katika ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uulizie mafunzo, ukae na kikundi kinachobangua, na uone kwa macho yako jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi ya mtu asiyejikinga, na punje ngapi huvunjika kwa mkono wa mgeni. Punje iliyovunjika bei yake ni nyingine kabisa.

Kuhusu fedha nina maneno machache. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo ni njia nzuri kwa kikundi ambacho kimekwisha kulijaribu jambo lake kwa mipaka niliyoitaja. Kwa kikundi kilichoundwa wiki iliyopita ili kupata mkopo, ni mzigo. Na kamwe usigharimie jaribio kwa kuuza korosho za familia zikiwa bado maua mtini. Nimeona kaya zikivuna kwa ajili ya mtu mwingine miaka mitatu mfululizo kwa sababu ya biashara iliyodumu miezi miwili.

Kabla ya kukubali, uliza

Kazi iliyokujia bila kutarajiwa huleta shukrani, na shukrani humfanya mtu aone haya kuuliza. Mimi niliona haya. Msimu mmoja nilichukuliwa na mfanyabiashara wa mazao nimsimamie upokeaji, tukakubaliana kwa mdomo, na mwisho wa miezi mitatu nililipwa nusu, kwa maelezo kwamba mzigo ulipungua uzito. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Uliza, kwa heshima lakini bila kukwepa: kazi zenyewe ni zipi na ninawajibika kwa nani, malipo ni kiasi gani, yanatoka lini, na kwa njia gani, mzigo ukipotea au ukipungua anayebeba hasara ni nani, muda ni wa miezi mingapi. Omba yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja uliosainiwa na pande mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kazi inapokoma. Cheti hicho usikiache. Kwa mtu ambaye safari yake ya kazi ina vituo vingi vifupi, karatasi za vituo hivyo ndizo zinazoifanya isomeke.

Na ujuzi ulioupata kazini bila kupita darasani unaweza kurasimishwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye vyuo Mtwara na Lindi, ina utaratibu wa kutathmini ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo na kwa mahojiano, unaelekezwa pale penye upungufu, kisha unapewa cheti. Fundi aliyejifunza kwa baba yake gereji hana sababu ya kuishi maisha yake yote bila karatasi.

Namna ya kulizungumza nyumbani

Katika koo nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kiyao, jambo kubwa la kijana halikamiliki mpaka mjomba amelisikia. Wengi hukwepa mazungumzo hayo wanapoingia katika kazi isiyokuwa ile waliyosomeshwa kwa fedha za ukoo, na matokeo yake habari humfikia mzee kupitia watu wa pembeni, ikiwa imegeuka kuwa "ameacha ualimu, anabeba magunia". Nenda kabla ya habari. Shikamoo, kaa chini, mweleze kwa utulivu: "Mjomba, kazi mliyonisomesha sijaiacha, jina langu bado lipo kwenye maombi. Msimu huu nimepata ya kufanya ghalani kwa miezi minne, malipo yake ni haya, na baada ya mnada wa mwisho nitakuja tukae tena." Mzee aliyeambiwa muda na kiasi hupata la kusema anapoulizwa barazani, naye huwa mtetezi wako. Na usikose kurudi baada ya mnada wa mwisho kama ulivyoahidi.

Utasikia pia methali mbili zikitumiwa kinyume. Ya kwanza, mchagua jembe si mkulima, huelekezwa kwa kijana anayeuliza masharti ya kazi. Mkulima wa Newala ninayemjua mimi huchagua jembe kwa makini sana, hulipima uzito, huligonga asikie mlio, kwa hiyo mwambie mzee kwa adabu kwamba unachagua ili ulime. Ya pili, usiache mbachao kwa msala upitao, ina hekima kubwa na ninakuomba uizingatie. Ikiwa una kazi inayowalisha watu, iendelee mpaka njia mpya imekulipa walau misimu miwili. Kusini tuna kumbukumbu ya kutosha ya misala iliyopita. Katika miaka ya matumaini ya gesi, watu waliuza viwanja vya urithi na kujenga nyumba za kulala wageni kwa mikopo. Kodi za nyumba Mtwara mjini zilipanda, kisha wageni wakapungua.

Ziko njia za kukataa mara moja hata kama zinalipa leo. Kangomba, yaani kununua korosho za wakulima kwa vipimo vya bakuli nje ya utaratibu, ni mojawapo, kwa sababu inamnyonya jirani yako na inakuweka mahali ambapo hutaweza kutaja kazi yako mbele za watu. Nyingine ni kazi yoyote inayokutaka utoe fedha za "fomu" au "sare" kabla ya kuanza.

Njia ya kwanza inaporudi

Jambo ambalo miongozo mingi hailisemi ni kwamba kazi uliyoisubiri inaweza kukuita ukiwa tayari umezama katika nyingine. Jina langu lilitoka mwaka 2020, kituo kikiwa mkoa wa mbali. Nililala siku tatu na barua hiyo chini ya mto. Siku ya nne nilifungua daftari, nikagawa ukurasa mara mbili, na upande mmoja nikaandika vitendo ambavyo ningevifanya kila siku katika kituo kipya, upande wa pili vile nilivyokuwa navyo. Sikulinganisha mishahara kwanza. Mshahara niliuweka chini kabisa, pamoja na pensheni, nyumba na gharama za kumwacha mama yangu peke yake Newala. Kisha nikawasomea kurasa zile mbili mjomba na dada yangu bila kuwaambia ninaelekea wapi. Dada yangu aliniuliza ni upande upi wenye watu ninaowataja kwa majina.

Nilibaki. Mwenzangu tuliyehitimu naye alipata barua mwezi uleule akiwa na duka la pembejeo Nachingwea, naye akaenda, akamwachia mdogo wake duka, na hadi sasa anafundisha kwa furaha. Kwa hiyo sikupi jibu, nakupa utaratibu: usijibu siku ya kwanza, tenganisha vitendo na malipo, wasomee watu wawili wanaokujua, na ukiamua kuacha, andika barua ya kukataa kwa heshima badala ya kunyamaza, kwa sababu ofisi hukumbuka aliyejibu.

Daftari lile bado ninalo. Kila Februari, maghala yanapofagiliwa na magunia matupu yanapokunjwa, huandika orodha upya kuanzia mstari wa kwanza bila kutazama ya mwaka uliopita, kisha huziweka orodha mbili pamoja na kutia alama kwenye mistari mipya. Ukianza mwezi huu, usisubiri Februari. Andika ya kwanza leo jioni, uitie tarehe, na umpelekee mmoja wa wale watatu kabla ya Ijumaa.